Umepeta kidato cha sita? Ngoma ndiyo kwanza inaanza!

Kila mwaka picha ni ile ile. Matokeo yanatoka, nyumba moja soda zinafunguliwa na mashangazi wanapiga vigelegele mpaka jirani anachungulia dirishani. Nyumba ya pili kijana kajifungia chumbani, hata chai hagusi. Zikipita wiki mbili tu, hao wote wawili unawakuta kijiweni wamekaa benchi moja wanaulizana maswali yale yale: chuo gani, kozi gani, na hela itatoka wapi?

Unashangaa? Usishangae. Aliyepata divisheni wani na aliyechechemea na divisheni three wana ugonjwa mmoja: hakuna aliyewahi kuwaambia chuo kikuu kikoje. Miaka miwili wamekeshea fizikia au historia, wamemeza mitihani iliyopita yote, lakini safari yenyewe hawajui hata basi linaanzia kituo gani.

Msomaji wangu, wiki hii tuliongee hili bila kuremba. Kufaulu mtihani ni kitu kimoja, kuandaliwa kwa ajili ya chuo ni kitu kingine kabisa. Na kazi ya kuandaa si ya mwalimu wa sekondari peke yake. Vyuo vyenyewe vinatakiwa vishuke, viwafuate wanafunzi huko huko madarasani. Vikishuka, hata yule aliyeitwa kilaza anaweza kukushangaza. Ushahidi upo, tena upo hapa hapa nyumbani.

MLANGO MMOJA, VITASA VINGI

Mtaani utasikia watu wanasema mradi una prinsipo mbili, umepita. Ni kweli nusu, na ukweli nusu ndio unaowaangusha wengi.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kigezo cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. A ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2 na E ina 1. Kwa hiyo D mbili zinakutosha kugonga hodi. Lakini kugonga hodi si kukaribishwa sebuleni. Kila kozi ina masharti yake, na juu ya masharti kuna ushindani. Kozi inayogombewa na maelfu haimwangalii mtu aliyefika kigezo cha chini tu.

Kisha kuna kasheshe ya masomo uliyochukua. Tuseme kuna binti wa Tandika, tangu darasa la tano anawaambia watu wote atakuwa daktari. Kidato cha tano anapangiwa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Anasoma kufa na kupona, anapata A zake. Siku ya kuomba chuo ndipo anagundua kuwa Udaktari wa Binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Fizikia hana. A zake za Jiografia hazimsaidii kitu kwenye mlango ule.

Binti huyu hana kosa. Kosa ni kwamba kwa miaka miwili mizima hakupita mtu darasani kwake akamwambia mapema: mwanangu, njia hii haiendi kule unakotaka, ila inakwenda kwenye kilimo, misitu na mazingira, na huko nako kuna maisha. Angeambiwa akiwa kidato cha nne, angeweza hata kubadilisha. Tangu mwaka 2019 wanafunzi wanaohitimu kidato cha nne wanapewa nafasi ya kubadili tahasusi zao kwa njia ya mtandao kabla ya kupangiwa shule. Wangapi wanajua wabadili nini, na kwa nini? Hapo ndipo tunapochemsha.

MIEZI YA KUBAHATISHA

Sasa tazama kalenda ya mhitimu. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika mwezi Mei. Baada ya hapo kuna JKT, kwani mafunzo kwa mujibu wa sheria yalirudishwa mwaka 2013 na wahitimu wanaitwa makambini. Matokeo hutoka karibu na Julai. Dirisha la vyuo linafunguliwa, dirisha la mkopo nalo liko wazi, na yote yana tarehe ya kufungwa. Ikifika Oktoba au Novemba, vyuo vinafunguliwa. Ni miezi michache tu, na ndani yake kijana anatakiwa aamue maisha yake.

Zamani kidogo mambo yalikuwa chungu kimoja. Kuanzia mwaka 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa TCU. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilika, kila mtu akawa anaomba moja kwa moja chuoni. Uhuru ni mzuri, ila una gharama: kila chuo na mfumo wake, kila chuo na ada yake ya maombi. Na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, ni lazima uthibitishe kwa namba maalumu unakokwenda. Usipothibitisha kwa wakati, unaweza kukosa kote, uishie kulaumu wachawi.

Matokeo yake vijana wanakimbilia stesheneri. Pale kuna jamaa mwenye kompyuta na foleni ndefu, anajaza fomu kama anayekaanga chipsi. Anakuuliza jina, namba ya mtihani, halafu: "Tukuwekee kozi gani?" Wewe unatazama juu, unajibu ile iliyotajwa na aliyekutangulia kwenye foleni. Maisha ya miaka mitatu, minne au mitano yameamuliwa kwa dakika kumi na mtu ambaye hata hakujui!

Mkopo ndio usiseme. Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, inataka mdhamini, na mwenye mzazi aliyefariki anatakiwa aoneshe cheti cha kifo. Mtoto wa mjini mwenye baba mwanasheria anavipata fasta. Mtoto wa mama lishe ambaye cheti chake kilipotea na nyumba ilipobomolewa, yeye anaanza kukitafuta siku dirisha limeshafunguliwa. Wote wawili wana akili sawa darasani. Aliyepungukiwa ni yule asiye na mtu wa kumwelekeza.

MLIMANI ULIPOSHUKA CHINI

Sasa nikupe kisa chenyewe nilichokuahidi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wanafunzi wachache wa sheria wasiofika hata 20, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Miaka ile ukifika kidato cha sita, taifa zima linakusubiri. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: ukimaliza kidato cha sita huendi chuo moja kwa moja, unafanya kazi kwanza walau miaka miwili, ndipo uombe ukiwa na mapendekezo mazuri. Nia ilikuwa nzuri, ila kwa wasichana ilikuwa noma. Wengi wakishaingia kazini wakaolewa, wakazaa, chuo kikabaki ndoto. Mwaka 1976 wasichana wakaondolewa sharti hilo.

Hata hivyo sayansi iliendelea kuwa ya wanaume. Ukiingia darasa la fizikia Mlimani miaka ya mwanzo ya 1990, wasichana ungewahesabu kwa vidole. Si kwamba hawakuwepo wenye prinsipo za sayansi. Walikuwepo, ila nafasi zilikuwa kiduchu na kamba ya pointi ilivutwa juu. Msichana aliyesoma shule isiyo na maabara, aliyekuwa anapika na kuchota maji kila likizo, alishindanishwa na mvulana wa shule yenye walimu kamili. Akipungukiwa pointi moja na nusu, kwaheri.

Mwaka 1997 Kitivo cha Sayansi kikaamua kufanya kitu. Wale wasichana wenye sifa za chini za kuingia chuo, ila pointi zao hazikufika kwenye kamba ya ushindani, wakaitwa Mlimani. Hawakupewa nafasi ya bure, eleza vizuri hapo. Walipewa kozi ya wiki sita: hisabati, fizikia, kemia na baiolojia, wakifundishwa chuoni hapo hapo. Mwisho wa kozi, mtihani. Aliyefaulu akaingia mwaka wa kwanza, aliyeshindwa akarudi nyumbani.

Wiki sita tu! Idadi ya wasichana katika kitivo hicho ikapanda. Waliopita mlango huo wakakaa darasa moja na wenzao, wakafanya mitihani ile ile, wakasahihishiwa na kalamu ile ile nyekundu, na wakahitimu. Mwaka 2004 upande wa uhandisi nao ukaanzisha mpango wake wa namna hiyo.

Wapo waliolalamika kwamba wasichana wanabebwa. Hoja hii tuipime. Kama mtu anabebwa, ukimshusha ataanguka. Hawa walishushwa kwenye mtihani wa kawaida wa chuo kikuu na wakasimama kwa miguu yao. Maana yake ni moja: zile pointi walizokosa hazikuwa zinapima akili peke yake. Zilikuwa zinapima pia maabara, vitabu, walimu na ndoo za maji. Mtu alihitaji wiki sita za kufundishwa vizuri na kuambiwa "unaweza", basi.

SI SISI PEKE YETU

Majirani zetu wa Makerere, Uganda, walitumia dawa nyingine. Kuanzia mwaka 1990 kila msichana mwenye sifa aliongezewa pointi 1.5 wakati wa kuchagua wa kuingia chuo. Dawa hiyo inafungua mlango kwa haraka, ila haimfundishi mtu jinsi ya kutembea ndani ya nyumba. Ndiyo tofauti yake na ile ya wiki sita.

Na usidhani tatizo ni la nchi maskini. Uingereza nao wana kidato cha sita, maana sisi tulirithi kwao. Kule mtoto wa shule ya kulipia tangu utotoni anajua atakwenda Oxford kama wewe unavyojua njia ya Kariakoo. Mtoto wa dereva wa basi, mwenye alama zile zile, hathubutu hata kuomba. Anaona pale si pa watu kama yeye. Mwaka 1997, mwaka ule ule wa Mlimani, tajiri mmoja aitwaye Peter Lampl alilipia kambi ya kwanza ya kiangazi pale Oxford kwa wanafunzi wa shule za serikali. Wiki nzima wanalala mabwenini, wanaingia mihadhara, wanakula kwenye yale majumba makubwa ya chakula, bure. Lengo kubwa lilikuwa kuua woga. Taasisi yake, Sutton Trust, ikaendelea na kambi hizo katika vyuo vingine.

Serikali ya huko nayo ilikuwa na mpango mkubwa ulioitwa Aimhigher, ulianza 2004 ukafungwa 2011 fedha zilipokatwa. Somo hapo ni wazi: mpango unaotegemea mfuko wa mtu mmoja au wa serikali moja, mfuko ukitoboka, mpango unazikwa. Kinachodumu ni kile chuo chenyewe kinachokiona ni kazi yake ya kila siku, kama kufundisha na kusahihisha.

UKISHAINGIA, USIJE UKADISKO

Turudi Bongo. Tuseme umepata nafasi, umepanda daladala na begi lako mpaka chuoni. Je, umefika? Bado sana, ndugu yangu.

Shuleni mlikuwa arobaini darasani na mwalimu anajua hata jina la mama yako. Chuoni unaingia ukumbi wenye mamia ya watu. Mhadhiri anaongea saa moja, hasemi "andikeni", hasemi "chora mstari". Anataja vitabu vitatu, anatoka. Wewe umekaa na kalamu mkononi unasubiri nukuu. Wenzako wajanja wameshakimbilia maktaba, na wavivu wamekimbilia desa la mwaka jana.

Halafu alama. Kwa vyuo vingi, majaribio na kazi za darasani ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Aliyezoea mtihani mmoja wa taifa baada ya miaka miwili, anaona jaribio la wiki ya tano ni mchezo. Anakuja kushtuka semista imekwisha, kapata sapu mbili. Akizidi kuchezea, anadisko. Kudisko si kwamba mtu hana akili. Mara nyingi ni kwamba hakujua mchezo unachezwaje, akadhani kipindi cha pili bado kipo.

Na bumu lenyewe! Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, anaingiziwa fedha za chakula na malazi za miezi kadhaa kwa mkupuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango cha juu kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukizigawa kwa siku, ni chakula, chumba na nauli kidogo. Ukizitazama kwa mkupuo, ni simu mpya na viatu vya Kariakoo. Wiki ya sita mtu anakula muhogo na maji. Na kumbuka ule ni mkopo. Ukipata kazi ya mshahara, asilimia 15 inakatwa mpaka deni liishe.

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa siku tano kabla chuo hakijafunguliwa. Namna ya kuandika nukuu, namna ya kutafuta kitabu, namna ya kupanga hela, namna ya kwenda kumwona mhadhiri bila kutetemeka. Wiki ya ukaribisho ipo vyuoni, lakini mara nyingi inaishia kwenye foleni za usajili na hotuba ndefu.

MNAZI MMOJA HAITOSHI

Tuwe wakweli, TCU haijalala. Kila mwaka kuna maonesho ya vyuo vikuu pale viwanja vya Mnazi Mmoja, na kuna kitabu cha mwongozo kinachotaja kozi zote na masharti yake. Ni jambo jema sana. Ukiwa Ilala, unatembea kwa miguu unafika.

Lakini maonesho hufanyika karibu na Julai, wakati mtihani umeshapita na tahasusi haibadiliki tena. Ni sawa na kumwonesha mtu ramani akiwa ameshapotea. Na mtoto wa Namtumbo au Kasulu afikeje Mnazi Mmoja?

Chuo kinachotaka wanafunzi bora kinajua shule zilizo jirani nacho. Sokoine wako Morogoro, Mzumbe wako hapo hapo jirani, UDOM wako Dodoma, Mtakatifu Augustino wako Mwanza. Kila kimoja kingechukua shule kumi za kidato cha tano, kikapeleka wanafunzi wake wa mwaka wa tatu Jumamosi mbili kwa muhula, gharama yake ni nauli na chakula cha mchana. Kijana wa miaka 22 aliyetoka shule ile ile anaaminika kuliko brosha yenye picha za rangi. Anaweza kusema ukweli: kozi hii ina hesabu nyingi, ile haina, bweni linapatikana hivi, na mimi mwenyewe nilianza nikiwa naogopa.

HAYA, WEWE UFANYE NINI?

Usikae kusubiri chuo kishuke. Chukua haya:

Moja, kama uko kidato cha nne au cha tano, tafuta kitabu cha mwongozo cha TCU sasa hivi, kipo bure mtandaoni. Soma masharti ya kozi tatu unazozitaka. Ukiona masomo yako hayaendani, kaa na mwalimu mapema.

Mbili, cheti cha kuzaliwa kianze kushughulikiwa leo. Usisubiri dirisha la mkopo, longolongo za vyeti hazijui tarehe ya mwisho.

Tatu, fomu jaza mwenyewe. Hata kama kompyuta ni ya stesheneri, vidole viwe vyako. Namba ya simu iwe yako, si ya jamaa wa stesheneri, maana ile namba ya kuthibitisha ndiyo inakuja huko.

Nne, tafuta mtu mmoja anayesoma kozi unayoitaka, umuulize maswali ya kijinga yote. Kama uko karibu na chuo, omba akupeleke ukae ndani ya ukumbi wa mihadhara hata saa moja.

Tano, pointi zako zikiwa chini, dunia haijaisha. Chuo Kikuu Huria kina kozi yake ya msingi. Ukifikisha GPA ya 3.0 na kutimiza masharti ya masomo, unaruhusiwa kuomba shahada. Stashahada nayo ni njia halali. Wale mabinti wa 1997 nao waliambiwa pointi hazitoshi.

Na wewe ambaye tayari uko chuoni unasoma hapa huku ukisubiri bumu, likizo hii pita shule uliyosoma. Omba dakika arobaini kwa mkuu wa shule. Waambie wadogo zako yale ambayo wewe ulitamani uambiwe.